Diski kubwa kwenye kompyuta ya zamani: maswali na majibu

Nimefunga diski ya GB 250 kwenye kompyuta ya zamani, inaonyesha GB 128 tu. Nimeuziwa feki?

Hapana. Hiyo 128 yenyewe inakutajia ugonjwa. BIOS (programu ya ubao mama inayoamsha kompyuta) za zamani ziliipa kila sekta, yaani kipande kidogo cha diski, anwani ya biti 28, na sekta ni baiti 512. Ukizidisha unafika kwenye GB 137 za mtengenezaji, anayehesabu kwa 1000, ambazo Windows, inayohesabu kwa 1024, huzihesabu 128. Ingia BIOS uone inasoma ngapi. Ikisoma 250, kosa ni la mfumo: Windows XP ya mwanzo haikujua anwani za biti 48, kwa hiyo weka Service Pack 1 (kifurushi cha masasisho ya Windows) au ya baadaye. BIOS nayo ikikwama kwenye 137, isasishe, au funga kadi ya diski yenye BIOS yake kwenye nafasi ya PCI ya ubao mama.

Usilazimishe kutumia eneo lililozidi kabla ya kutengeneza hilo. Anwani ikipita mpaka huanza tena sifuri, na data mpya inaandikwa juu ya jedwali la patisheni (orodha ya sehemu ambazo diski imegawanywa) lililo mwanzoni mwa diski. Kama inaonyesha GB 32 badala ya 128, kagua kwanza jampa (kiplastiki kidogo kinachounganisha pini) iliyo nyuma ya diski. Baadhi huwa na nafasi ya kubana ukubwa kwa makusudi.

Nina patisheni nne na GB 60 tupu mwishoni, lakini ya tano inakataa.

Jedwali la MBR, yaani la patisheni la mtindo wa zamani, lina nafasi nne tu, hata nafasi tupu iwe kubwa vipi. Nakili vilivyomo kwenye patisheni ya nne, yaani inayopakana na nafasi tupu, kisha uifute. Fungua diskpart (programu ya Windows ya kugawa diski kwa amri), chagua diski kwa `select disk` na namba yake (ihakiki kwa `list disk`, maana kukosea hapa ni kilio), halafu andika `create partition extended`, yaani patisheni ya kubebea nyingine. Ndani yake tengeneza unazotaka (huitwa logical) kwa `create partition logical size=30000`; namba hiyo ni MB. Windows ikikushauri ugeuze diski iwe dynamic (mpangilio mwingine wa Windows wa kugawa diski), kataa: kurudi nyuma kwa kawaida kunadai kufuta kila kitu.

Nimefuta D ili niongeze C, lakini "Extend Volume" imefifia.

Nafasi tupu lazima iguse C upande wa kulia. Kama D ilikuwa logical, nafasi yake bado imefungiwa ndani ya extended. Ikiwa hakuna kingine humo, futa na hiyo extended. Kwenye XP hata hivyo C haitapanuka kwa diskpart. Washa kompyuta kwa CD ya GParted, programu ya bure ya kugawa diski, ufanye kazi humo.

Baada ya kugawa upya, inaandika "Missing operating system".

Mara nyingi patisheni ya mfumo imepoteza alama ya active, inayoonyesha patisheni ya kuwashia. Washa kwa DVD ya Windows 7, fungua diskpart, chagua diski na patisheni hiyo, andika `active`.