Barua kwa mwanangu: ukiulizwa tunaamini nini

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka Rungwe. Baba yako hajambo, mvua bado zinatunyeshea, na mahindi yamekubali. Barua yako nimeisoma, kisha nikampa na baba yako. Umeeleza kwamba siku mlipofuturu pamoja kazini, rafiki yako wa Unguja alikuuliza kwa nia njema kabisa: nyinyi Wakristo mnaamini nini hasa, na mbona mnasema Mungu ni mmoja kisha mnataja watatu? Ukamjibu kwamba Yesu alitufia, mazungumzo yakaishia hapo. Sasa unaniuliza mimi: ukiondoa kwaya, michango na sare za vitenge, Ukristo wenyewe ni upi?

Swali lako limenifurahisha mno, nami nakujibu kwa moyo wote.

Anzia kwenye Pasaka. Wengi wakiulizwa huanza na amri: usiibe, usizini, usiseme uongo. Amri ni njema, lakini hata asiye na dini anajua kwamba wizi ni mbaya. Kiini cha imani yetu ni habari ya jambo lililotokea. Yesu wa Nazareti alisulubiwa Yerusalemu, Pontio Pilato akiwa liwali. Akafa kwa ajili ya dhambi zetu, akazikwa, na siku ya tatu Mungu akamfufua. Paulo, ambaye awali aliwatesa Wakristo, aliwaandikia Wakorintho yapata mwaka 55 kwamba kama Kristo hakufufuka, basi kuhubiri ni bure na imani ni bure. Hakutuachia nafasi ya kusema kwamba hata hivyo tungebaki na mafundisho mazuri.

Na mimi kama mwanamke nataka ulishike hili. Injili zote nne zinasema waliotangulia kufika kaburini ni wanawake, na Maria Magdalena anatajwa katika zote. Enzi zile neno la mwanamke halikuwa na uzito barazani. Luka anaandika kwamba hata mitume waliyaona maneno yao kuwa upuuzi. Anayetunga hadithi ili aaminiwe hachagui mashahidi wa namna hiyo.

Ndiyo sababu sisi Wamoraviani, waumini wa Kanisa la Moravian, alfajiri ya Pasaka tunakwenda makaburini. Desturi hiyo ilianzia Herrnhut, Ujerumani, mwaka 1732, vijana wa ushirika ule walipokwenda kuimba kwenye makaburi kabla jua halijachomoza. Wamisionari waliofika hapa Rungwe mwaka 1891 walikuwa wa kanisa hilohilo. Wewe umekulia humo: tarumbeta zinaanza giza likiwa bado zito, nyasi zimelowa hadi magotini, upepo unazima mishumaa na watu wanawashiana. Kisha yanasomwa majina ya waliolala tangu Pasaka iliyopita. Mwaka ule liliposomwa jina la bibi yako, mama yangu, niliimba wimbo wa ushindi nikiwa nimesimama kando ya udongo wake huku machozi yananitoka, na vyote viwili vilikuwa vya kweli. Mweleze rafiki yako alfajiri ile. Atatuelewa upesi kuliko ukimsomea ukurasa wa katekisimu.

Sasa habari ya Mungu mmoja. Mwambie bila kusitasita kwamba tunaungama Mungu mmoja, na anayefundisha miungu mitatu amekwenda kinyume na Kanisa. Wanafunzi wa kwanza walikuwa Wayahudi, watu waliolelewa katika kukiri kwamba Bwana ni mmoja. Watu hao ndio walioishi na Yesu, wakamsikia akisamehe dhambi, na baada ya kufufuka Tomaso akamwita "Bwana wangu na Mungu wangu" naye asimkemee. Wakampokea na Roho Mtakatifu aliyeahidiwa. Maaskofu waliokutana Nisea mwaka 325, halafu Konstantinopoli mwaka 381, walitafuta maneno ya kuungama yale ambayo Kanisa lilikuwa likiyaabudu tayari. Tunaposema Mwana, hatusemi Mungu alioa akazaa. Rafiki yako akilikataa hilo, tunalikataa pamoja naye. Kisha mwache na fumbo lenyewe, maana nami nimelisali miaka yote hii wala sijalimaliza.

Kuhusu yale tunayoyatenda, upo ushahidi ninaoupenda sana kwa kuwa ulitoka kwa mtu asiyetutakia mema. Karibu mwaka 112, Pliny, liwali wa Kirumi huko Bithinia, jimbo lenye mji huohuo wa Nisea, alimwandikia Kaisari Trajan kumuomba ushauri juu ya Wakristo. Alikuwa amewahoji, na wanawake wawili watumwa waliokuwa wahudumu wa kanisa akawatesa ili waseme. Aliyoyapata ni haya: kwa siku maalumu hukutana kabla hakujapambazuka, humwimbia Kristo kama Mungu, hujifunga kwa kiapo wasiibe, wasizini, wasivunje ahadi wala wasikane amana waliyokabidhiwa, baadaye hukutana tena kula chakula cha kawaida. Hapo Nisea bado miaka mia mbili na zaidi! Mtu akikwambia Uungu wa Yesu ulibuniwa kikaoni, mkumbushe barua hiyo. Nami kila ninapoisoma nawawaza wale akina mama wawili ambao hata majina yao hakuyaandika.

Ubatizo unaujua: tunazikwa pamoja na Kristo na kufufuka pamoja naye. Sisi tunabatiza watoto wachanga, na kipaimara ni siku ya kusema "naamini" kwa kinywa chako mwenyewe. Wenzetu Wabaptisti na Wapentekoste husubiri mtu aamini kwanza. Usigombane nao.

Mwisho wa barua umeandika, kwa herufi ndogo kuliko nyingine, kwamba tangu mwaka jana hushiriki Meza ya Bwana, ule mkate na kikombe, kwa kuwa hujioni unastahili. Mwanangu, usiku ule Yesu alipoumega mkate, Petro alikuwa mezani, naye alimkana kabla jogoo hajawika. Kwa Luka hata mkono wa msaliti ulikuwa pale mezani. Onyo la Paulo kuhusu kula isivyostahili nalijua, lakini lisome kuanzia juu, 1 Wakorintho 11. Waliokemewa ni watu wenye uwezo waliotangulia kula na kulewa huku maskini wa kanisa wakibaki na njaa. Kosa lao lilikuwa kumdharau ndugu mbele ya meza ya Bwana. Mwenye kuhuzunika kwa dhambi zake hakufukuzwa hapo. Mkate ule ni wake, na maneno "kwa ajili yenu" yanamhusu.

Basi kama kuna mtu umekosana naye huko, mtafute mpatane. Kamuone mchungaji wa ushirika wenu, mweleze kama ulivyonieleza mimi, na Meza ijayo ushiriki. Baba yako anasema atakupigia Jumamosi jioni. Rafiki yako msalimie sana, na kama ana maswali mengine yaandike yote, nitayajibu.

Mama yako