Tatu Iliyogeuzwa Nane

Karatasi ya hisabati nilikuta imewekwa mezani chini ya kikombe changu, kama kitu kilichosahaulika hapo. Asilimia 88. Furaha yangu ilidumu nusu dakika. Nilipoigeuza, niliona makosa matupu, tiki za kuhesabu kwa vidole. Nikaisogeza dirishani. Ile nane ya kwanza ilikuwa tatu, imezibwa upande wa kushoto kwa kalamu nyekundu ambayo wekundu wake ulielekea waridi.

Binti yangu alikuwa Gredi ya 8, miaka 14. Hapa Manyatta, Kisumu, majirani wote humwita Profesa. Jina hilo nilimpachika mimi, angali chekechea.

Nilimfokea, sitaficha. Akanisikiliza mpaka nikaishiwa na pumzi, kisha akasema polepole, "Mama, Profesa hapati thelathini na nane."

Wakati huo nilikuwa nasomea diploma ya ushauri nasaha masomo ya jioni, na kwenye daftari langu mwenyewe nilikuwa nimeandika kuhusu jaribio la wanasaikolojia Claudia Mueller na Carol Dweck la mwaka 1998, huko Marekani. Watoto wa darasa la tano walipewa mafumbo. Wengine wakasifiwa kwamba wana akili, wengine kwamba wamejitahidi. Kisha wote wakapewa mafumbo magumu, wakashindwa. Walipoambiwa wawaandikie watoto wa shule nyingine alama walizopata, karibu wanne kati ya kumi wa wale waliosifiwa akili waliongeza alama. Kundi la pili walikuwa wachache mno. Niliyaandika hayo kwa mtihani wangu, nikafunga daftari, nikaenda jikoni kumwita mtoto Profesa.

Umri nao una yake. Mwanasaikolojia David Elkind aliandika mwaka 1967 kwamba kijana wa rika hilo huhisi yuko jukwaani, kila jicho linamtazama yeye. Ndiyo maana wangu alikuwa ameanza kukataa kubeba beseni sokoni Kibuye. Sasa mpe mtu wa namna hiyo 38, na umemlea akijua kwamba thamani yake ni akili. Atafanya nini kama si kutafuta kalamu nyekundu?

Tulipokwenda Bondo likizoni nilimsimulia mama mkwe. Alinyamaza, akaendelea kuchambua omena. Halafu akauliza, "Rieko anayo. Luoro je? Winjo je?"

Nilishtuka, maana maneno hayo nilikuwa nimeyasoma kwenye kazi za Robert Sternberg, Elena Grigorenko na wenzao, wakiwemo Wakenya, zilizotoka mwaka 2001. Walifanya utafiti Usenge, si mbali na kwa mama mkwe. Waliwakuta Waluo wana maneno manne pale ambapo mtihani una moja tu. Rieko ni maarifa na uwezo. Luoro ni heshima na kujali wengine. Winjo ni kuelewa jambo na kujua namna ya kulikabili. Paro ni kufikiri na kuanza jambo bila kusukumwa. Katika hayo manne, lililokwenda pamoja na alama za shule ni rieko peke yake. Tena walipowapima watoto 85 wa miaka 12 hadi 15 ujuzi wa dawa za mitishamba, waliojua zaidi walielekea kupata alama za chini katika msamiati wa Kiingereza. (Mzazi asichukue hili kuwa ruhusa ya kumwachisha mtoto shule. Maelezo ya watafiti ni kwamba familia huweka nguvu pale inapoona faida.)

Hata Alfred Binet, aliyetunga kipimo cha akili kule Paris mwaka 1905, alikuwa akitafuta watoto wanaohitaji msaada darasani, na alipinga kwamba akili ni kiasi kisichobadilika. Kuwapanga watu foleni kwa namba kulishamiri baadaye.

Basi mzazi mwenzangu, kama una Profesa wako nyumbani, anza kwa kulistaafisha hilo jina. Usimwite "Mvivu" badala yake. Na usitarajie muujiza: tafiti kubwa za kuwafundisha vijana kwamba akili hukua zimeonyesha faida, lakini ndogo. Kilichotusaidia sisi ni kukaa na ile karatasi. Sikumuuliza kwa nini alifeli. Nilimuuliza, "Hili la kwanza ulianzaje?" Swali la tatu ndipo tulipoona mambo yanaharibikia: namba hasi. Alikuwa amekariri kanuni bila kuielewa, na aliona aibu kuuliza darasani, kwa sababu Profesa haulizi.

Nikatoa simu, nikafungua Fuliza, ule mkopo wa M-Pesa. "Nina deni la Fuliza la shilingi 300. Nimeandikiwa ngapi?"

"Hasi mia tatu."

"Wakiniondolea hilo deni?"

Akaitazama simu, akanitazama mimi. "Sifuri. Kumbe kutoa hasi ni kuongeza!" Akanyamaza kidogo. "Lakini Mama, kwani kila wiki uko Fuliza?"

Mtihani uliofuata alipata 52, akanipa karatasi mkononi, ikiangalia juu. Jirani yetu wa kuuza mboga hajaacha kuita "Profesa!" kila akimwona langoni.

"Amesafiri," binti yangu humjibu, huku akibeba beseni lake.