Ukitaka kuwaiga bakteria wa kinywani kwa kompyuta, anza na sukari

Wanafunzi wa uzamili wanaonijia na kazi hii huja na orodha ndefu. Wamesoma kwamba aina zipatazo 700 za bakteria zimeshatambuliwa katika vinywa vya watu, basi wanataka kuzipachika zote kwenye modeli, yaani programu ya kompyuta inayowaiga bakteria hao. Huwa nawaambia wachukue mbili: Streptococcus mutans, anayekula sukari na kutoa asidi ya laktiki, na Veillonella, asiyejua kula sukari ila hujilia asidi ya mwenzake na kuigeuza kuwa asidi hafifu zaidi. Kama hawa wawili wanakushinda kuwaeleza, umati utakusaidia nini?

Kazi yenyewe iko kwenye namna sukari inavyofika. Mbinu nyingi za kuiga utando wa bakteria tumezirithi kwa wahandisi wa majitaka, na huko chakula hutiririka mfululizo. Kinywani mtu anapiga funda la chai, anapiga soga, anapiga funda jingine, na katikati mate yanasuuza. Akilala, mate hupungua sana. Andika hayo kwenye programu kabla hujagusa kitu kingine.

Halafu angalia mwendo wa saa. Sukari huzama ndani ya ukoga, yaani utando wa bakteria ulioganda kwenye meno, kwa dakika chache, lakini bakteria huhitaji saa kadhaa kuongezeka maradufu. Swali lako likiwa la mlo mmoja, gandisha ukuaji, uache sukari na asidi vitembee. Likiwa la wiki nzima, piga hesabu ya siku moja kwa kina, kisha wakuze bakteria kwa matokeo yake. Ukilazimisha vyote viende kwa hatua moja ndogo, kompyuta itakesha na wewe utakesha nayo.

Kipimo changu cha kwanza ni cha zamani. Miaka ya 1940 huko Marekani, Robert Stephan alipima pH ya ukoga (kipimo cha uasidi: ikishuka, asidi imezidi) baada ya watu kusukutua kwa maji ya glukosi: ikaporomoka ndani ya dakika chache, kisha ikapanda polepole kwa nusu saa na zaidi. Ikishuka chini ya 5.5 hivi, enameli, lile gamba gumu la nje ya jino, huanza kuyeyuka. Modeli isiyochora mteremko huo, picha zake za rangi siziangalii.

Ukishaupata, gawa sukari ileile: mara moja kwa mkupuo, mara nyingine kidogokidogo asubuhi nzima. Mafunda ndiyo yanayopaswa kuumiza jino zaidi. Utafiti wa hospitali ya Vipeholm nchini Uswidi, uliochapishwa 1954, uliona hivyo kwa tofi za kunata zilizoliwa kati ya milo. Walioliwa meno ni wagonjwa wenye ulemavu wa akili ambao hakuna aliyewaomba ridhaa, aibu ambayo kompyuta inatuepusha kuirudia.

Mwisho, zima mate kwenye programu. Grafu ikibaki vilevile, rudi kwenye msimbo: mate yako hayajaunganishwa popote.