Kinasa cha MiniDisc cha mjomba: usikiuze bado

Pole sana kwa msiba, dada. Umeuliza kama kinasa cha MiniDisc (mashine ya kurekodi sauti kwenye diski ndogo) alichokuachia mjomba, pamoja na diski za kwaya yake ya Jinja, kiende kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Hapana, tafadhali!

Anza na betri, itoe leo hii. Ikiwa imevuja na kuacha unga mweupe, futa vyuma vya ndani kwa pamba yenye siki kidogo, kisha kwa spiriti, na uache vikauke kabisa.

Halafu shika diski. Ukingoni mwa kila moja kuna kifungo kidogo cha kusogeza kwa ukucha. Kisogeze mpaka tundu libaki wazi. Hapo hakuna atakayerekodi kwa bahati mbaya juu ya sauti za wazee wetu. Sauti imeandikwa kwa leza na sumaku pamoja, na kasha la plastiki huikinga na vumbi, kwa hiyo nina matumaini makubwa.

Kuhamisha ni rahisi: waya kutoka tundu la hedifoni hadi kompyuta, urekodi kwa Audacity, programu ya kurekodi sauti. Diski ya dakika 74 itachukua dakika 74. Kinasa cha Sony MZ-RH1 cha mwaka 2006 hupitisha sauti kwa USB hadi kompyuta, ila ni kighali mno. Kwa diski chache sioni haja.

Diski tupu nazo zitunze. Sony iliacha kuzitengeneza mwaka 2025, na wapenzi wa MiniDisc bado wanazitafuta.