Usingizi umenikataa, na siwezi kumwambia daktari sababu

SWALI: Nina miaka 27, nafanya kazi ya jua kali hapa Kondele, Kisumu. Napenda wanaume, na nyumbani hakuna anayejua. Tangu wazee waanze kunisukuma nioe, naamka saa tisa usiku na usingizi haurudi. Chakula hakishuki. Wikendi nakunywa mpaka nisahau. Nikienda hospitali, ni lazima nijieleze? Je, nitashtakiwa?
M.O.

JIBU: Ndugu yetu, si lazima. Siku ya kwanza daktari anahitaji habari za usingizi, chakula, pombe, na kama umewaza kufa. Sema tu, "Nina siri nzito inayonitenga na watu wa nyumbani." Akisikiliza bila kuhubiri, ongeza mengine ziara ya pili.

Kuhusu sheria, kifungu cha 162 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya huadhibu tendo la ngono kati ya wanaume. Kumwambia mhudumu kwamba unavutiwa na wanaume si kosa. Mahakama Kuu ilikataa kukifuta kifungu hicho Mei 2019, kwa hiyo hofu yako ina msingi na hatutakuambia uipuuze. Lakini Shirika la Afya Duniani liliyatoa mapenzi ya jinsia moja katika orodha ya magonjwa mwaka 1990. Mhudumu akianza kuutibu mvuto wako na kuuacha usingizi wako, tafuta mwingine.

Huenda ukapewa karatasi ya maswali 9 kuhusu wiki 2 zilizopita, kila moja alama 0 hadi 3. Jumla ikifika 10, sonona (ugonjwa wa huzuni nzito) inashukiwa na unahitaji kufuatiliwa. Swali la 9 linahusu mawazo ya kufa au kujidhuru. Tafadhali usijaze sifuri kwa aibu, maana hapo ndipo maisha ya watu huokolewa.

Pombe hukulaza upesi, kisha ikianza kuisha mwilini usiku wa manane inakuamsha. Punguza hiyo kwanza. (Anayekunywa sana kila siku asiache ghafla bila mhudumu, kwani anaweza kutetemeka na hata kupata kifafa.)

Ukiandikiwa fluoxetine, dawa ya sonona, kwa kawaida ni miligramu 20 asubuhi, kwa sababu ikimezwa jioni inaweza kukunyima usingizi. Wiki ya kwanza huja kichefuchefu na wasiwasi. Nafuu huanza wiki ya 2 hadi ya 4. Wengi hukosea hapa: huacha siku ya kumi wakidhani haifanyi kazi, au huacha mara tu wanapopata nafuu, na sonona inarudi. Endelea angalau miezi 6 baada ya kupona, na uache polepole ukiongozwa na mhudumu.

Dawa peke yake haitoshi. Kumhifadhi mpenzi kwenye simu kwa jina la fundi wa mabomba, kufuta ujumbe kabla ya kulala, kubadilisha sauti ukifika steji: hiyo ni kazi ya mchana na usiku, na akili huichoka. Huhitaji kujitangaza kwa ukoo. Tafuta mtu mmoja tu ambaye mbele yake huigizi, mpange siku na saa, mtembee hadi ufuo wa Dunga mkale samaki. Nenda hata siku usipojisikia, maana hamu hufuata miguu.

SWALI: Mdogo wangu alipekuliwa simu, akapelekwa kwa maombi ya kumtoa pepo la kupenda wanaume. Sasa anagawa nguo zake na haongei. Naogopa kumuuliza nisije nikampa wazo baya.
Dada, Butere

JIBU: Dada, muulize leo, mkiwa wawili: "Je, umekuwa ukifikiria kujiua?" Kuuliza hakumpi mtu wazo, humfungulia mlango. Akikubali, usimkemee. Muulize kama amepanga lini na vipi. Dawa za shamba, za kuogesha ng'ombe na vidonge vyote vitoke nyumbani leo hii, viende kwa jirani mnayemwamini. Asiachwe peke yake, wala usiahidi kumtunzia siri hii. Piga 1199, laini ya bure ya Msalaba Mwekundu, au Befrienders Kenya 0722 178 177, kisha mpeleke hospitali ya kaunti. Msizuiwe na hofu ya polisi: Januari 2025 Mahakama Kuu ilitangaza kwamba kifungu cha 226, kilichofanya jaribio la kujiua kuwa kosa, kinakiuka Katiba.

Maombi ya kumfariji, akiyataka mwenyewe, ni sawa. Ya kumbadilisha yakome. Hayabadilishi mvuto, na aibu yanayoacha ni sehemu ya kinachomuua sasa.

SWALI: Natumia ARV, dawa za kudhibiti virusi vya UKIMWI. Tangu niwekwe kwenye mojawapo, dolutegravir, nakesha. Niache?
K., Nakuru

JIBU: Usiache. Kukosa usingizi ni athari inayojulikana ya dawa hiyo. Kama unaimeza usiku, hamia asubuhi, kila siku saa ile ile. Usipoona tofauti, au huzuni ikiongezeka, rudi kliniki kabla ya tarehe yako.