Maswali ya Wasomaji: Mahindi Chotara na Mbegu ya Kujichagulia

SWALI: Mwaka jana nilipanda mbegu chotara ya dukani nikavuna vizuri sana. Nikachagua magunzi makubwa ghalani, nikayafanya mbegu ya mwaka huu. Yametoka marefu kwa mafupi, na mengine hayakubeba kabisa. Je, kampuni huitia dawa mbegu ili isirudiwe kupandwa? (Mkulima, Mbozi)

JIBU: Hakuna dawa ya namna hiyo. Rangi unayoiona kwenye punje ni ya dawa ya kukinga wadudu na ukungu. Kilichokuangusha ni jinsi chotara inavyotengenezwa.

Mtaalamu wa mbegu huchukua mmea mmoja wa mahindi na kuuchavusha kwa chavua (unga wa ua la dume) yake wenyewe. Gunzi hufunikwa kabla ndevu (nyuzi za ua la jike) hazijachomoza, mbelewele (ua la dume kileleni) huvalishwa mfuko wa karatasi, kisha chavua iliyokusanywa humwagiwa ndevu za mmea uleule. Mahindi yamezoea kuoana na jirani, hivyo ndoa hii ya nyumbani huyadhoofisha. Kila kizazi hupunguza nusu ya mchanganyiko wa vinasaba. Baada ya vizazi 6 husalia takriban asilimia 1.6 tu. Hapo umepatikana ukoo safi: mimea inayofanana kama pacha, lakini mifupi na yenye magunzi ya kuchekesha. Kutanisha koo mbili za aina hiyo zisizo na undugu, na mtoto huzaliwa na nguvu kuliko wazazi wote wawili. Nguvu hiyo ndiyo uliyoilipia dukani.

Ukizipanda punje za mtoto huyo, vinasaba hugawanyika upya na sehemu ya nguvu huondoka. Hesabu yake ni rahisi: ile ziada ya mtoto juu ya wastani wa wazazi, igawe kwa idadi ya koo zilizomzaa. Chotara ya koo mbili hupoteza nusu ya ziada, ya koo tatu theluthi, ya koo nne robo. Tuseme chotara ya koo mbili inatoa gunia 30 kwa ekari, na wazazi wake wastani wa gunia 10. Ziada ni 20, kwa hiyo ukirudia mbegu tarajia gunia 20. Kulima, kupalilia na mbolea vimegharimu vilevile. Linganisha gunia 10 zilizopotea na bei ya kilo 8 hadi 10 za mbegu mpya, utaona mwenyewe wapi kuna hasara.

Undugu wa mbali ndio siri. Chotara ya H611, iliyotolewa Kitale, Kenya, mwaka 1964, ilizaliwa kwa kuunganisha Kitale Synthetic II, mahindi yaliyoboreshwa hapo Kitale, na Ecuador 573, mahindi ya nyanda za juu za Amerika Kusini. Hao hawakuwa koo safi, ila walikuwa wageni kabisa kwa kila mmoja, na hilo lilitosha.

SWALI: Mimi hutumia Staha na hujiwekea mbegu kila mwaka, lakini naona inafifia. Naweza kuirudisha? (Mkulima, Kilosa)

JIBU: Unaweza, kwa sababu Staha si chotara, ni mbegu ya uchavushaji huria, yaani mimea yake huachwa ichavushane yenyewe shambani. Kosa la wengi ni kuchagua ghalani. Gunzi kubwa huenda lilikaa penye samadi, au jirani yake alikufa likabaki na nafasi ya kujinafasi. Chagua mmea ungali umesimama shambani.

Tenga robo ekari iliyo mbali na mahindi mengine angalau mita 200. Ukikosa umbali, pishanisha upandaji kwa wiki 4. (Ukiona punje za njano kwenye gunzi jeupe, ujue chavua ya jirani imeingia.) Kwa nafasi ya sentimita 75 kwa 30 utapata mimea kama 4,400. Gawa eneo kwa kamba katika vipande 20 vya mita 5 kwa 10, na katika kila kipande chagua mimea 10 iliyo bora ndani ya kipande hicho. Usilinganishe kipande na kipande, maana hapo utakuwa unachagua rutuba ya udongo. Mimea ya pembezoni iache.

Kabla chavua haijaanza kumwagika, pita ukang'oe mbelewele za mimea yenye ugonjwa wa milia, dhaifu au iliyochelewa sana. Wakulima wengi huruka hatua hii, na ndiyo inayokupa nafasi ya kuchagua upande wa baba. Usipoifanya, mmea mzuri utazalishwa na yeyote. Baadaye, unapochagua ile mimea 10, tazama ndevu zilizotoka karibu sana na siku ya chavua, hasa jua likiwa kali, gunzi la katikati ya bua, na maganda yaliyofunga hadi ncha.

Vuna magunzi 200. Toa punje za ncha na za kitako, kisha chukua punje 100 kutoka kila gunzi, sawasawa, hata kama moja limekupendeza zaidi. Hizo 20,000 zinatosha ekari. Ukitumia magunzi 10 au 15 tu, miaka michache baadaye ndugu wataoana na mavuno yatashuka tena. Anika hadi unyevu wa asilimia 13. Usipokuwa na kipimo, tia punje na chumvi kavu ndani ya chupa kavu, tikisa: chumvi ikiganda kwenye kioo, punje bado hazijakauka.

SWALI: Nikipanda chotara mbili tofauti shamba moja, nitapata chotara bora zaidi? (Trans Nzoia)

JIBU: Hapana. Utapata mchanganyiko usiotabirika.

SWALI: Kikundi chetu kimepewa mkataba wa kuzalisha mbegu chotara. Tuwe waangalifu wapi? (Trans Nzoia)

JIBU: Kwenye mbelewele. Mara nyingi hupandwa mistari 3 ya jike (mimea itakayovunwa mbegu) kwa 1 ya dume (mimea ya kutoa chavua), au 4 kwa 2. Mbelewele za jike zing'olewe zikichungulia tu, kila siku, Jumapili na siku za mvua zikiwemo, bila kuondoka na majani, kwani kila jani linalong'oka hupunguza punje. Kipande cha mbelewele kilichosahaulika hutoa punje zilizojichavusha, na mkulima wa mwisho ataona mimea vibete. Dume akiwahi kuliko ndevu, magunzi yatakuwa na mapengo. Ndiyo maana dume hupandwa kwa awamu mbili. Chavua ikiisha, kateni dume lote kabla ya mavuno lisichanganyike, na msiuze hata kilo kabla ya wakaguzi wa KEPHIS, shirika la Kenya la ukaguzi wa afya ya mimea, kuidhinisha.