Kwa nini mvua ikinyesha intaneti inakuwa nzito ilhali simu zinapigika

Mkuu, umeuliza kwa nini mvua kubwa ikishuka simu zinapigika, baa za mtandao zimejaa, lakini video haifunguki. Mimi ni fundi wa minara huku Nyanda za Juu Kusini, na hili tunakutana nalo kila masika.

Simu yako haina tatizo. Baa zile zinapima mawimbi kati ya simu na mnara tu, na masafa ya 900 au 1800 MHz hayasumbuliwi na mvua. Shida iko nyuma ya mnara. Minara mingi ya vijijini haijafikiwa na mkongo (nyaya za fiber), hivyo inarushiana data kwa madishi, mlima hadi mlima. Linki, yaani njia ya mawimbi kati ya dishi na dishi, ikiwa ya 23 GHz, urefu wa wimbi ni kama milimita 13 tu, na tone kubwa la mvua hufika milimita 5. Matone hayo hulimeza wimbi na kulitawanya.

Hapo ndipo modulesheni inapoingia. Wimbi tupu halisemi kitu. Ili libebe habari, redio (mtambo wa mnarani unaorusha na kupokea mawimbi) hubadilisha kimo cha wimbi na fezi yake, yaani sehemu ya mzunguko ambapo wimbi linaanzia, kwa mpangilio ambao upande wa pili unaujua. Huko ndiko modulesheni. Kila kimo na fezi yake ni nukta moja. Zikiwa nukta 4, kila alama inayorushwa inabeba biti 2, yaani sifuri au moja mbili. Zikiwa 256, yaani 256-QAM, inabeba biti 8. Upana wa masafa ni uleule, data mara nne!

Ila nukta 256 zimebanana mno. Nikichomeka laptop kwenye redio hali ya hewa ikiwa nzuri, naziona zimejipanga 16 kwa 16, ndogo na safi. Mvua ikianza kumwagika, mawimbi yanayopokelewa yanashuka lakini kelele za mtambo, yaani mawimbi ya ovyo yasiyobeba habari, zinabaki palepale. Nukta zinavimba, kingo zinachakaa, mwisho huwezi kujua hii inaishia wapi na ile inaanzia wapi. Redio inapima hali hiyo na kujishusha yenyewe: 128, 64, 16, hata 4. Nukta chache zinakaa mbalimbali, zinasomeka hata kwenye kelele, ila njia imebaki robo. Kwa kuwa simu za sauti zimepewa kipaumbele, zinapita. Video yako inasubiri.

Mimi naupenda sana mpango huu. Redio za zamani zilikuwa na modulesheni moja tu. Mvua ikizidi, linki inakatika na kijiji kizima hakiwezi hata kumwita dereva wa kumpeleka mgonjwa hospitali.

Usiangalie mvua ya kwako peke yake. Kwako kunaweza kuwa kukavu huku inamwagika katikati ya minara miwili. Manyunyu ya kutwa nzima nayo hayana madhara makubwa. Kinachoumiza ni ile mvua nzito ya muda mfupi. Ikiwa imeshakatika zamani na intaneti bado nzito, piga huduma kwa wateja uwaambie imeanza lini. Huenda upepo umelisogeza dishi, na hapo lazima fundi apande mnarani.